Mbao za Vyumba Viwili

Jumatano asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya kahawa, Nyawira alimtoa mama yake nje, akamketisha kwenye kiti cha plastiki, akamfunika blanketi magotini, kisha akarudi ndani kuitoa kalenda ukutani. Kalenda ndiyo iliyokuwa imebaki. Vitanda, sufuria, magunia mawili ya nguo na kabati ya vyombo vilikuwa vimeshapangwa chini ya mti wa avokado. Ndani hamkuwa na kitu tena ila alama nyeupe za mahali vitu vilipokuwa, na Nyawira, aliyeifagia nyumba ile kila siku kwa miaka kumi na minne, alijikuta ameshika ufagio. Akauweka chini. Nani hufagia nyumba anayokwenda kuibomoa?

"Umemaliza?" mama aliuliza. Jina lake lilikuwa Wakonyo, na alikuwa na miaka themanini na moja. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio yalikuwa mazima, mazima kuliko watu wa boma lile walivyopenda.

"Nimemaliza, maitu."

"Na huyo fundi Mwislamu amefika?"

"Yuko hapa nyuma yako. Anakusikia."

"Kwani nimemtukana? Si ni Mwislamu?"

Yakubu alicheka huku akitua gunia lake la vyombo. "Ni Mwislamu, cucu, na ni fundi pia. Habari ya asubuhi?"

Fundi alikuwa, ila si wa kujenga. Yakubu, mzee mfupi wa Majengo kule Nyeri mjini, kazi yake ilikuwa kubomoa nyumba kuukuu za mbao na kuzitoa zikiwa bado zina thamani. Alikuwa amekubali kulipwa madirisha ya chuma na mlango wa mbele, maana pesa taslimu Nyawira hakuwa nayo. Alizunguka nyumba mara mbili akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa, akihesabu chinichini.

"Mama Shiku, mbao za ukuta ziko mia moja na arobaini. Huko unaenda unataka vyumba ngapi?"

"Viwili," Nyawira alijibu. "Yangu na ya mama. Jikoni nitazungusha mabati tu."

"Vyumba viwili vitakula mia na kumi. Kwa hivyo tukivunja thelathini, hakuna neno. Tukipita hapo, uko na shida."

"Ukivunja," Nyawira alimsahihisha.

"Tukivunja," Yakubu alisema, akampa nyundo. "Ama uliona nimekuja na mtu mwingine?"

Kuhusu nguzo hawakuzungumza, kwa sababu nguzo hazikuwa za Nyawira. Jambo hilo lilikuwa limeamuliwa na wazee wa ukoo waliokaa kwa kaka yake Mugo, wakanywa chai, wakaandika. Shamba la baba lilikuwa la wana wa kiume, na kipande chenye nyumba ya Nyawira kilikuwa kimeshauzwa. Aliyekinunua angepiga ua Jumamosi. Kilichosimama juu ya ardhi kilikuwa cha Nyawira, aende nacho kwa amani, lakini kilichochimbiwa ardhini kilikuwa cha shamba. Wazee waliitikia kwa vichwa kana kwamba sheria hiyo imeandikwa mahali. Chifu alimnong'oneza baadaye kwamba siku hizi binti ana haki sawa na ndugu zake, aende kortini. Lakini Nyawira alikuwa amewaona watu wa kortini, jinsi wanavyokwenda na faili nyembamba, wakakonda wao na faili ikanenepa. Na mama alikuwa amemwambia hataki kuzikwa na watoto wanaoshtakiana.

Alikuwa na ploti ndogo upande wa Mweiga, kule kwenye upepo na vumbi, aliyoilipia kidogo kidogo kwa miaka sita ya kuuza sukuma wiki na ndizi sokoni Wamagana. Mbao hizi ndizo zingekuwa nyumba kule. Nyingine hakuwa nazo, na mvua ya Machi ilikuwa wiki mbili tu mbele.

Mabati yalishuka kabla ya saa saba mchana bila matata. Boriti za dari nazo zilishuka, na hizo Yakubu alisema zitakuwa nguzo za kule. Shida ilianza ukutani. Yakubu alipachika mtaimbo wake wa kawaida nyuma ya ubao wa kwanza, akauegemea, na ubao ukapiga kelele ukapasuka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Wa pili ukapasuka. Wa tatu ukatoka mzima, wakafurahi, wa nne ukapasuka vipande vitatu. Walipofika ubao wa kumi na mbili, mbao nane zilikuwa zimelala kwenye majani zikiwa kuni.

Yakubu aliingia ndani akauchunguza ukuta kwa upande wa pili.

"Mama Shiku, kuja hapa. Ni nani alijenga hii nyumba?"

"Fundi mmoja wa Mukurweini. Alishakufa."

"Alikuwa anaogopa nini? Angalia. Kila mwisho wa ubao misumari nne. Watu huweka mbili. Halafu imetokeza huku ndani, akaikunja yote, akaigonga ikazama kwa mti. Hii si nyumba, hii ni gereza ya mbao."

Nyawira alitazama misumari ile. Ilikuwa imezama kwenye mti mmoja mmoja, imepata kutu, imekunjwa vizuri kabisa.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi nilimwambia."

"Wewe?"

"Nilikuwa nimetoka kwa bwana, na binti yangu Shiku mgongoni, huyo sasa yuko shule ya bweni. Baba alinipa hapa mahali nijenge. Siku ya kwanza tu nikasikia Mugo akimwambia bibi yake, ati nyumba ya mbao si kitu, siku moja tu mtu anaihamisha. Nikaenda nikanunua misumari kilo tano zaidi. Nikamwambia fundi agonge hata yeye mwenyewe asiweze kuitoa." Alivuta kitambaa chake cha kichwa. "Nilifikiria ni wao watakuja kuitoa. Sikufikiria ni mimi."

Yakubu alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha. "Basi alikusikia vizuri," alisema tu.

Akaenda kwenye gunia lake akatoa mtaimbo mwingine, mrefu kiasi cha mkono, mweusi, wenye shingo inayokunjika kama goti. Pembeni mwa shingo palikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, kichwa kinalegea. Ukikiachia, kinakamata kwa meno pale ulipokiweka, kiwe kimenyooka au kimepinda. Alikuwa ameununua kwa mtu mmoja mjini aliyekuwa akifunga duka, na hakuwa akiutoa ovyo.

"Huu una taratibu yake," alisema. "Kwanza tunanyoosha misumari huku ndani kwa nyundo na tindo. Halafu tunatoka nje. Shingo unainyoosha, unaisukuma kwa ubao, karibu kabisa na msumari. Hapa chini unaweka kipande cha mti, mtaimbo usiumize ubao. Unainua kidogo tu, upana wa kidole. Unabonyeza, unaikunja jino moja, unainua tena. Ukiona hasira inakuja, unaenda unakunywa maji."

Ubao wa kwanza kwa mtindo huo uliwachukua robo saa. Ulitoka mzima, misumari minane ikining'inia kama meno ya mzee. Nyawira aliubeba kwa mikono miwili akaenda kuulaza pembeni, na njiani akapiga hesabu. Mbao mia moja na ishirini na saba zilikuwa bado zimesimama, robo saa kila moja, siku mbili na nusu, mtaimbo mmoja. Hesabu ile haikukubali. Alirudia akiwa anarudi, ikakataa tena.

Usiku huo mama alilala kwa Mugo. Hapakuwa na pengine. Nyawira alilala chini ya mti wa avokado, kitandani mwake, juu yake akiwa ametandaza mabati mawili.

*

Alhamisi mama aliletwa saa tatu na Anita, mke wa Mugo, akakalishwa kwenye kiti chake. Blanketi lake lilinuka chakula cha ng'ombe.

"Ulilala wapi, maitu?"

"Nililala vizuri."

"Sijauliza hivyo."

"Kwa stoo. Ni pakavu. Kuna magunia mengi, upepo hauingii." Mama aligeuza uso kuelekea sauti ya nyundo. "Niletee misumari nikunyooshee. Nikikaa bure baridi inaniona."

Nyawira alimletea misumari, jiwe na nyundo ndogo, na mama akaanza kuinyoosha kwa kupapasa, mmoja mmoja, bila kujigonga kidole hata mara moja. Kila baada ya muda aliuliza mbao zimefika ngapi. Kila mara Nyawira alimwambia.

Kufika adhuhuri zilikuwa zimefika thelathini na moja nzima. Sasa Nyawira mwenyewe ndiye aliyekuwa na ule mtaimbo wa shingo, Yakubu akinyoosha misumari ndani. Mikono yake ilikuwa imeshajua kazi: nyoosha shingo, sukuma, tia kipande cha mti, inua, bonyeza, kunja jino moja, inua. Malengelenge yalikuwa yamepasuka kwenye viganja na hakuwa akiyasikia tena. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao mtu hata haulalamikii, kwa sababu kulalamika nako ni kazi.

Anita alileta chai kwenye flaski, na vikombe viwili. Kimoja alimpa Yakubu, kimoja akampa mumewe, aliyekuwa amemfuata nyuma mikono mfukoni. Nyawira alingoja. Mwishowe Anita akamimina kidogo kwenye kifuniko cha flaski akampa.

"Sikujua uko," alisema Anita, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

Nyawira aliinywa. Njaa ilikuwa ikimuuma, na heshima angeitafuta siku nyingine.

Mugo alizunguka akihesabu nguzo. Alizipiga picha kwa simu moja moja, hata ile iliyooza. "Hizi zibaki hivyo," alisema. "Na haya mawe ya msingi pia. Si yamechimbiwa?"

"Ni mimi niliyabeba kutoka mtoni, kwa mgongo."

"Sijasema ulibebewa. Nimesema yamechimbiwa."

Nyawira alitua mtaimbo. Alikuwa ameapa hatamwomba kitu, na sasa alikuwa anakwenda kumwomba. "Mugo, nakuomba siku moja tu. Nipe hata Jumamosi mpaka saa sita. Tukienda haraka zinapasuka. Zikipasuka mama hana chumba."

"Mwenye shamba ashalipa watu wa ua. Na lori yako si ni kesho saa kumi?"

"Lori naweza kuongea nao. Wewe ongea na huyo mtu wako."

"Nyawira, tulikupa mwezi mzima. Wewe unangoja siku tatu za mwisho, halafu unataka mimi niaibike." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayeshauri. "Na huyo mama unamsumbua bure. Kwani kwangu hakuna nyumba?"

"Kwako kuna stoo."

Mugo alimtazama fundi, akaona fundi anatazama chai. Akatia simu mfukoni akaondoka. Ule mwezi mzima Nyawira alikuwa ameutumia kwenda kwa wazee mmoja baada ya mwingine, akibeba sukari, akiamini kuna atakayesema neno. Walichukua sukari.

Kwenye kiti, nyundo ya mama ilikuwa imenyamaza. Kisha ikaanza tena.

Walifanya kazi mpaka hawaoni tena misumari. Zilikuwa hamsini na nane.

*

Ijumaa walianza kukiwa na ukungu. Walikuwa hawaongei tena ila kwa maneno ya kazi: shika, inua, ngoja, leta. Yakubu alikwenda kando mchana akaswali juu ya kipande cha bati, akarudi. Ilipofika saa nane, mbao nzima zilikuwa themanini na saba, zilizopasuka kumi na tisa, na ukutani zilikuwa zimebaki thelathini na nne. Ukuta mmoja tu, ule wa chumba cha mama, umesimama peke yake katikati ya nguzo, na upande wa pili wake mtu angeona mashamba yote ya chai ya Tetu hadi bondeni.

"Kama tungekuwa na siku nyingine," Yakubu alisema, "hizi thelathini na nne ningekutolea zote. Wallahi zote."

"Mpaka saa kumi tunaweza ngapi?"

"Kwa taratibu? Nane."

Lori lilifika saa tisa badala ya saa kumi. Dereva, jamaa mnene aitwaye Kinyua, aliruka chini, akatazama ukuta uliosimama, akatazama saa. "Madam, mimi niko na mzigo ya viazi jioni. Saa kumi na nusu nang'oa nanga, iwe imeisha ama haijaisha. Kungoja ni pesa ingine."

Basi wakaacha taratibu. Yakubu alichukua mtaimbo wa kawaida, Nyawira akabaki na ule wa shingo, kila mmoja upande wake. Ukuta ulilia. Mbao zilipasuka moja baada ya nyingine, na kila ilipopasuka Nyawira alisema namba yake kwa sauti ndogo, bila kujua kama anasema. Moja ilitoka nzima, akaiweka kando mbio. Nyingine ilitoka na ufa, akaitazama, akaisukuma kwenye kuni. Saa kumi na dakika chache ukuta wa mwisho ulikuwa chini, na zikabaki nguzo zile za Mugo zimesimama, bila cha kushika.

Yakubu alihesabu rundo mara mbili. Alijifuta uso kwa kofia yake.

"Tisini na mbili," alisema.

Kinyua mwenyewe aliacha kutazama saa, ingawa hakujua ni tisini na mbili za nini.

"Zimepungua kumi na nane," Nyawira alisema. "Nitaziba na naironi. Ama gunia. Watu si wanaziba na gunia?"

"Mweiga kuna upepo, Mama Shiku. Wewe utaweza. Huyu mzee…" Yakubu alishusha sauti. "Huyu mzee hatamaliza baridi ya Juni."

"Basi tutalala chumba kimoja. Kitanda yake huku, yangu huku. Tumelala pamoja wakati nilikuwa mtoto, tutalala tena."

"Mimi siendi," mama alisema kutoka kwenye kiti.

Alikuwa ameweka nyundo chini na mikono yake ilikuwa imetulia juu ya blanketi. Nyawira alimwendea akachuchumaa mbele yake.

"Maitu, nguo zako nimeshapanga. Lori iko hapa."

"Nimesikia lori. Nimesikia na tisini na mbili." Mama alipapasa akamshika mkono, akahisi malengelenge, akalegeza mshiko bila kuuachia. "Baba yenu amelala pale juu karibu na kahawa. Nikifia Mweiga, ni nani atanirudisha? Huyu Mugo atasema nilitoka mwenyewe. Hawa wazee watatafuta neno, na unajua hawakosi neno."

"Mimi nitakurudisha."

"Uingilie wapi? Kesho hapa ni ua. Lakini mimi nikiwa kwa stoo ya Mugo, wewe utakuja kuniona Jumapili, na hakuna mtu atakuuliza unatafuta nini. Nikienda, hiyo njia imefungwa."

"Unalala na chakula ya ng'ombe, maitu."

"Nimelala na mengi. Nenda na huyo dereva, amechoka kungoja."

Nyawira alijua. Alijua kaburi la baba lilikuwa kweli, na Jumapili ilikuwa kweli, na kwamba juu ya yote mama alikuwa amekaa pale siku tatu akihesabu mbao kwa masikio. Alitakiwa kukataa. Alitakiwa kumbeba mzima mzima na kiti chake ampandishe lorini, mwanamke mwenyewe hakuwa na uzito wa gunia la viazi. Alisema, "Maitu, twende," mara moja, na mara ya pili akasema kwa sauti ndogo zaidi. Mama akatikisa kichwa. Mara ya tatu hakuisema.

Mugo alikuja akiwa ameitwa na kelele za lori. Alipoambiwa, aliangalia chini, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze alionekana mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi. "Nitatoa magunia," alisema. "Nitaweka taa." Akamshika mama mkono, wakaondoka polepole kupita kati ya kahawa, yeye akiwa amebeba kiti kwa mkono wa pili. Mama hakugeuka. Angegeuka kuona nini, na macho yale?

Walipakia. Mabati chini, boriti juu yake, kisha mbao, kisha kitanda kimoja. Nyawira alikisukuma kitanda cha mama yake kuelekea njia ya kwa Mugo na kukiegemeza kwenye mti.

Wakiwa barabarani, Nyawira amebanwa kati ya dereva na fundi, Yakubu alitaka kumliwaza. Alikuwa mtu mzuri, na mtu mzuri akichoka husema kile anachokijua, na alichokijua ni mbao.

"Sasa ni chumba kimoja, Mama Shiku," alisema. "Chumba kimoja kinakula sabini. Zinatosha. Hata zinabaki, tutafunika jikoni vizuri, na hutahitaji kuziba na gunia."

Nyawira alisikia kitu kikimlegea kifuani. Ilikuwa nafuu; mwili wake ulikuwa umepokea habari ile kabla hajaukataza, mabega yakashuka, hata mgongo ukaacha kuuma. Nyumba ingesimama kabla ya mvua. Asingeamka tena usiku mara tatu kumwinua mama yake, wala kufua shuka alfajiri. Alielewa amefurahi, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto, na dereva akaongeza redio.